Mifupa Saba ya Kidari: Historia ya Maelezo ya Ukuta wa Kifua na Majina Yake

Ni sehemu chache za mwili wa binadamu zilizo karibu na macho na vidole kama ukuta wa kifua. Mbavu za mtu aliyekonda huhesabika bila ya kisu, na mfupa wa kidari hugusika juu ya ngozi kutoka shingoni hadi kwenye chembe cha moyo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 1,300 mabingwa wa tiba, watu waliosoma sana na wenye akili timamu, walikubaliana kwamba kidari cha mtu kina mifupa saba, ilhali hakina. Makala haya yanafuatia safari ya kosa hilo kutoka Kiyunani hadi Kiarabu na kutoka Kiarabu hadi Kilatini. Kisha yanayatazama majina ambayo Kiswahili kimeipa sehemu hiyo hiyo ya mwili, kwa kuwa elimu ya kifua tangu mwanzo ilikuwa ni elimu ya maneno pia, na mara nyingi neno ndilo lililoaminiwa kuliko mfupa.

Kwanza inafaa kueleza ukuta wenyewe jinsi unavyojulikana leo. Nyuma umeegemea pingili 12 za uti wa mgongo; pande mbili umezungukwa na jozi 12 za mbavu; mbele umefungwa kwa mfupa wa kidari. Jozi saba za juu hufika kwenye kidari, kila ubavu kwa gegedu lake. Jozi tatu zinazofuata hazifiki, bali huegemea gegedu la ubavu ulio juu yake, na jozi mbili za mwisho huishia ndani ya nyama bila ya kushika kitu. Kidari kina vipande vitatu: kipande kipana cha juu kinachopokea mitulinga miwili, kipande kirefu cha kati, na ncha ndogo ya gegedu upande wa chini, ambayo uzeeni huweza kugeuka mfupa. Baina ya ubavu na ubavu mna misuli ya tabaka tabaka. Nyuzi za tabaka la nje hushuka zikielekea mbele, na zile za tabaka la ndani hushuka zikielekea nyuma, zikapishana kama miyaa ya mkeka. Sakafu ya chumba hicho ni kiwambo, msuli mpana uliotandazwa baina ya kifua na tumbo.

Mtu aliyeandika habari hizi kwa upana kuliko wote waliomtangulia ni Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinus. Alizaliwa Pergamon, katika Asia Ndogo, mwaka 129, na kuanzia mwaka 157 alikuwa tabibu wa watu waliopiganishwa kwa silaha mbele ya watazamaji. Vidonda vya watu hao vilimfunza mengi. Mwaka 162 alikwenda Roma, na huko alifanya maonyesho ya hadhara yaliyompa jina. Alimfunga nguruwe aliye hai, akaitafuta mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye misuli ya mbavu na ile inayokwenda kooni, akaikaza kwa uzi. Nguruwe aliyekuwa akipiga kelele akanyamaza ghafla. Uzi ulipolegezwa, sauti ikarudi. Kadhalika aliukata uti wa mgongo mahali mbalimbali, akaonyesha kwamba ukikatwa juu kabisa shingoni mnyama huacha kupumua papo hapo, na ukikatwa chini zaidi misuli ya mbavu hulala lakini kiwambo huendelea na kazi yake. Ni nadra kupata katika dunia ya kale uchunguzi uliofanywa kwa utaratibu kama huo, na sehemu yake kubwa ingali sahihi.

Lakini sheria na desturi za Roma hazikumruhusu kupasua maiti za watu. Alipasua nguruwe, mbuzi, ng'ombe, na zaidi ya wote kima wasio na mkia wa Afrika ya Kaskazini, ambao aliwaona kuwa wanafanana mno na binadamu. Mara moja tu bahati ilimfungulia kifua cha mtu. Mtumwa kijana wa Maryllus, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alipigwa kifuani katika uwanja wa mieleka. Jeraha likaoza hadi mfupani, na matabibu wengine wakaogopa kuligusa. Galen aliukata mfupa wa kidari uliooza, akauona moyo wa mtu ukipiga mbele ya macho yake, na kijana yule akapona. Hata hivyo mfupa ulioliwa na maradhi haumpi mtu nafasi ya kuhesabu viungo vyake. Katika maandishi yake juu ya mifupa Galen alishikilia kuwa kidari kina mifupa saba, idadi inayolingana vizuri na zile jozi saba za mbavu zinazokifikia. Kidari cha kima kweli kimegawanyika vipande vingi kuliko cha mtu mzima. Kosa la Galen, basi, lilikuwa la kuhamisha hesabu: alichokiona kwa mnyama alikiandika kwa jina la binadamu.

Maandishi ya Galen yalikuwa na misukosuko yake. Moto uliotokea Roma mwaka 192 uliteketeza sehemu ya mwisho ya kitabu chake kikubwa cha kazi za upasuaji, akalazimika kuiandika upya. Sehemu hiyo iliyoandikwa mara mbili ikapotea tena katika Kiyunani. Kitabu kizima kilikuwa na mafungu 15, na kuanzia kati ya fungu la tisa hadi la mwisho leo yanajulikana kwa Kiarabu pekee, kwa juhudi za watafsiri wa Baghdad. Mkubwa wao alikuwa Hunayn bin Ishaq, aliyezaliwa mwaka 809, Mkristo mwenye kujua Kisiriani, Kiyunani na Kiarabu. Kabla ya kutafsiri alikusanya nakala kadhaa za Kiyunani, akazilinganisha, akasahihisha zilizochafuka, kisha akatafsiri maana ya sentensi nzima badala ya kufuata neno kwa neno. Mwanafunzi wa tafsiri hatapoteza wakati wake akisoma waraka ambao Hunayn mwenyewe aliueleza kazi hiyo. Lakini uaminifu huo huo ulibeba na makosa: nakala iliyosafishwa vizuri ilisema mifupa saba, na tafsiri nzuri ikasema mifupa saba.

Katika al-Qanun fi al-tibb, kitabu cha Ibn Sina (980–1037) kilichotawala ufundishaji wa tiba kwa karne nyingi, hesabu ya saba imo, tena imepewa sababu: vipande vingi huufanya mfupa uwe mwepesi kufuata mbavu zinapotanuka kwa pumzi. Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Kosa likishapewa manufaa huwa gumu kuondoka, kwani anayelikanusha huonekana anakanusha hekima ya maumbile pia. Mahali hapo hapo Ibn Sina anataja ncha ya gegedu iliyo chini ya kidari na kusema kwamba huitwa ya hanjari, kwa kufanana kwake na silaha hiyo. Wayunani nao waliifananisha na upanga. Neno hanjari liliingia pia katika Kiswahili cha pwani, ingawa lilifika kwa njia ya kiunoni mwa waungwana, si kwa njia ya vitabu vya tiba.

Haikuwa kwamba hakuna aliyethubutu kuamini macho yake. Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwako Misri wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1200, na huko al-Maqs alikuta chungu ya mifupa ya waliokufa. Galen alikuwa amefundisha kwamba taya la chini limeungwa kwa mifupa miwili. Abd al-Latif alitazama mafuvu zaidi ya 2,000, akayatazama tena mbele ya watu wengine, akakuta mfupa mmoja tu usio na kiungo. Aliandika bila ya matusi kwamba Galen anastahili heshima yake yote, ila ushahidi wa hisi ni mkweli zaidi. Ni hasara ya elimu kwamba kitabu chake hakikuwa cha tiba bali cha habari za Misri, na maneno yale yakabaki mahali ambapo wanafunzi wa tiba hawakuyatafuta.

Qanun ilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12 na Gerard wa Cremona, ikawa kitabu cha kusomeshea katika vyuo vya Ulaya. Tangu mwanzo wa karne ya 14 maiti za watu zilianza kupasuliwa huko Bologna mbele ya wanafunzi. Hata hivyo, kwa desturi iliyokuja kuenea vyuoni, mwalimu aliketi juu ya kiti kirefu akisoma kitabu, mtu mwingine akishika kisu huku chini, na wa tatu akionyesha kwa fimbo. Kifua kilifunguliwa, kidari chenye vipande vitatu kikaonekana, na msomaji akasoma saba.

Aliyeshuka kitini na kushika kisu mwenyewe ni Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels (1514). Alikuwa amesomea Paris kwa Jacobus Sylvius, mfuasi mkubwa wa Galen. Mwaka 1536, nje ya mji wa Louvain, alikuta mifupa ya mtu aliyenyongwa, nyama yake ikiwa imekwisha kuliwa na ndege, akaipeleka nyumbani kidogo kidogo kwa siri na kuiunganisha. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kufundisha Padua, na mwaka 1540 huko Bologna alisimamisha mifupa ya kima kando ya mifupa ya mtu ili kila mwenye macho alinganishe. Kitabu chake, De humani corporis fabrica, kilichapishwa Basel mwaka 1543 kabla hajafikisha miaka 30. Humo kidari cha mtu mzima kina mifupa mitatu, na kimechorwa. Humo pia imeelezwa kwamba mwanamume na mwanamke wana mbavu sawa, 12 kila upande. Maana watu wengi walikuwa wakiamini kwamba mwanamume amepungukiwa na ubavu mmoja tangu Adamu, na hakuna aliyekuwa amejisumbua kuhesabu.

Jibu la Sylvius lastahili kukumbukwa na kila anayeshughulika na maandiko ya kale. Mwaka 1551 alitoa kijitabu cha kumshambulia mwanafunzi wake wa zamani, akiligeuza jina Vesalius kuwa neno la Kilatini lenye maana ya mwendawazimu. Hoja yake ilikuwa kwamba Galen hakukosea. Ni miili ya watu iliyobadilika. Wanaume wa zamani walikuwa na vifua vikubwa vyenye nguvu, navyo vilihitaji kidari cha mifupa mingi; watu wa siku hizi wamedhoofika, na mifupa imepungua. Badala ya kusahihisha kitabu kwa mujibu wa mwili, Sylvius aliusahihisha mwili kwa mujibu wa kitabu. Wapo wanaomcheka, lakini hoja ya namna hiyo haijatoweka duniani: mtafiti wa lugha anaposema kwamba wasemaji wameharibu lugha yao kwa kuwa hawasemi kama ilivyoandikwa katika sarufi, yumo katika nyayo za Sylvius.

Kwa upande mwingine, haki yataka isemwe kwamba Galen hakuota ndoto tupu. Kidari cha mtoto huanza na vipande vingi. Kile cha kati peke yake kina vipande vinne, ambavyo huungana polepole tangu ujanani hadi kiasi cha miaka 25. Anayekutana na mifupa ya mtoto ataona viungo ambavyo mtu mzima hanavyo. Na Sylvius naye, aliyeshindwa katika mifupa, alishinda katika majina. Vesalius alikuwa akiihesabu misuli kwa tarakimu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata msomaji akapotea njia. Sylvius ndiye aliyependekeza misuli ipewe majina kwa umbo na kazi yake, na wengi wa waliomfuata walifanya hivyo. Msuli wenye meno unaoshika mbavu ubavuni uliitwa wa msumeno, na jina hilo limebaki hadi leo.

Swali la kazi ya misuli ya mbavu lilichelewa zaidi. Georg Erhard Hamberger wa Jena, katika karne ya 18, alitumia vijiti na hesabu za jometri kuonyesha kwamba nyuzi za nje, kwa jinsi zilivyoinama, huinua mbavu pumzi inapoingia, na nyuzi za ndani huzishusha. Albrecht von Haller wa Göttingen, kwa kuwatazama wanyama walio hai, alishikilia kwamba tabaka zote mbili huinua. Ugomvi wao ulifika mahali pa matusi. Uchunguzi wa karne ya 20 umempa Hamberger sehemu kubwa ya ushindi, lakini si wote: nyuzi za ndani zilizo karibu na kidari huinua mbavu, na kazi ya kila sehemu hutegemea mahali ilipo kuliko tabaka lake. Jometri ilitangulia kisu kwa hatua chache, kisha ikasimama.

Majina nayo yalizidi kuongezeka hata ikawa kiungo kimoja kina majina mengi katika vyuo mbalimbali. Mwaka 1895 wanaanatomia wa Kijerumani walikutana Basel, wakayapunguza majina yaliyokadiriwa kufika 50,000 hadi elfu chache za Kilatini. Orodha hiyo ilitengenezwa upya Paris mwaka 1955, na tena mwaka 1998. Mwenye kuyatafsiri majina hayo ya heshima atashangaa kukuta nyumba ya kawaida: ufunguo mdogo kwa mtulinga, kipini kwa sehemu ya juu ya kidari, upanga mdogo kwa sehemu ya kati. Zile jozi tano za mbavu zisizofika kwenye kidari Wayunani waliziita za wanaharamu. Ni maneno ya sokoni, ya ghala la silaha na ya ugomvi wa mirathi, yaliyovaa joho kwa sababu tu ni ya kale.

Kwa hiyo Kiswahili hakiingii katika shughuli hii kikiwa maskini. Neno kifua ni la Kibantu cha kale. Liko Luganda kama ekifuba, Kishona kama chipfuva na Kizulu kama isifuba. Mswahili huliweka katika mwili na katika tabia kwa pamoja: asiyeweza kutunza siri hana kifua, na mgonjwa wa mapafu ana kifua. Fupa pana la nyuma ya bega huitwa kombe, kwa mfano wa sahani kubwa. Waarabu wao waliliita ubao wa bega, na habari za mwanzo wa Uislamu zinasimulia kwamba aya ziliandikwa hata juu ya mifupa ya mabega ya wanyama. Pwani, kombe ni pia jina la dawa ya aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa na kunywewa. Pengine ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza. Kiwambo chatokana na kuwamba, yaani kuivuta ngozi juu ya ngoma, na hakuna jina linaloeleza vizuri zaidi msuli huo unavyokaa.

Kidari ni neno gumu zaidi. Husikika sana jikoni na kwa mchinjaji: kidari cha kuku, kidari cha ng'ombe. Kulihamishia kwa binadamu na kulifanya jina la mfupa mmoja ni kufanya kile kile alichofanya Galen, yaani kumsoma mtu kwa mnyama. Jina laweza kuhama hivyo bila ya madhara. Kinachohitaji uangalifu ni mipaka yake, kwa sababu kidari cha mchinjaji ni mfupa pamoja na nyama yake, na kidari cha kitabu ni mfupa mtupu. Tangu masomo ya shule za msingi Tanzania yalipoanza kufundishwa kwa Kiswahili baada ya mwaka 1967, na hasa tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, maneno ya namna hii yamekuwa yakifungwa maana moja moja. Kazi hiyo ni ya lazima. Hatari yake ni kuifanya mbele ya orodha ya kigeni peke yake, neno likitafutiwa neno, wakati mchinjaji, mkunga na mganga wa viungo hawajaulizwa.

Mfano ulio bora ni chembe cha moyo. Kamusi za zamani hulifasiri kuwa ni shimo dogo lililo chini ya kidari, juu ya tumbo. Vijana wengi hulielewa kama punje ya moyo, wakilinganisha na chembe ya mchanga. Lakini upatanisho wa cha, pamoja na wingi wa vyembe, waelekeza kwingine: chembe ni kichwa cha mshale au cha chusa, na umbo lake lakaa pamoja na jembe na wembe, yote yakiwa na shina -embe lenye maana ya ubapa wenye makali. Ikiwa ndivyo, basi Mswahili, bila ya kumsoma Galen wala Ibn Sina, alikigusa kile kile kigegedu cha ncha chini ya kidari na kukiona ni silaha: Myunani aliona upanga, Mwarabu hanjari, Mswahili mshale. Baadaye jina likateleza kutoka kwenye ncha hadi kwenye bonde lililo chini yake, mahali ambapo Kilatini nacho kinapaita kishimo cha moyo, ingawa kilicho ndani hapo zaidi ni tumbo.

Kuteleza huko si jambo la kamusi tu. Katika hospitali za Kenya daktari amesomea kwa Kiingereza, na mgonjwa huja na Kiswahili chake. Mzee akiweka mkono chini ya kidari na kusema moyo unamuuma, huenda anasema habari ya tumbo, na huenda pia anasema habari ya moyo wenyewe, kwa sababu maumivu ya moyo nayo hushuka hadi hapo. Muuguzi aliyelelewa pwani humwuliza kwanza, "Ni moyo, baba, au ni chembe cha moyo?"